Tusimhukumu mtoto kwa hasira yake kabla ya kuijua hofu yake

Miongoni mwa mambo yanayozikera familia nyingi za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbagala, Charambe na Yombo upande wa Temeke hadi Tegeta, Boko na Bunju upande wa Kinondoni, ni tabia ya baadhi ya watoto kubadilika ghafla pale familia inapojiandaa kutoka. Mtoto aliyeamka vizuri, akanywa chai yake na kucheza na wenzake, huanza kisirani mara tu anaposikia kuwa leo kuna kwenda harusini Tandika, au kumjulia hali bibi aliyelazwa, au kuswali Idi kiwanjani. Nguo aliyoitaka mwenyewe jana, leo inamwasha. Kiatu kinambana. Anamsukuma mdogo wake, anamjibu mama yake kwa ukali, anakwenda msalani mara tatu, na mwisho anakaa kizingitini na kusema kuwa yeye haendi popote.

Mama, ambaye ameamka alfajiri kupika, kuwaogesha wadogo na kupiga pasi, huliona jambo hilo kuwa ni ukosefu wa adabu. Baba, anayejua kuwa wakichelewa kidogo magari yatakuwa yamejaa, hulimaliza kwa ukelele au kwa mkanda. Wapo majirani watakaosema kuwa mtoto huyo amedekezwa, na wapo watakaonong'ona kuwa kapatwa na kijicho au kapandwa na shetani. Familia huondoka imenuna, mtoto akiburuzwa kwa mkono huku analia, na safari iliyokusudiwa kuunga udugu hugeuka kuwa adhabu kwa kila mmoja.

Kwa mnasaba huo, tunapenda leo kuwakumbusha wazazi na walezi jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Si kila hasira ya mtoto ni ujeuri. Mara nyingi hasira ile ni vazi tu, na aliyelivaa ni hofu. Mzazi anayeliadhibu vazi bila kumtazama aliyelivaa huiacha hofu palepale ilipokuwa, na juu yake huongeza hofu nyingine, nayo ni ya kumwogopa yeye mzazi.

Jambo hili lina maelezo ya kitaalamu yaliyo mepesi kufahamika. Mwanadamu ameumbwa kwa namna ambayo ubongo wake unapohisi hatari, hata kama hatari yenyewe bado iko mbali au haipo kabisa, huuamuru mwili ujiandae ama kupambana ama kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza na tumbo huvurugika. Mtu mzima anapofikwa na hali hiyo kabla ya usaili wa kazi au kabla ya kufika mbele ya hakimu, anaweza kumwambia mwenzake kuwa ana wasiwasi. Mtoto wa miaka sita hana maneno hayo. Yeye anachokijua ni kuwa mwili wake unachemka, kila kitu kinamuudhi, na watu wanamharakisha. Hawezi kukimbia kwa kuwa mlango una mtu, basi hupambana. Hupambana na kiatu, na shati, na mdogo wake, na mwisho hupambana na mama yake, ambaye ndiye mtu anayemwamini kuliko wote.

Wala elimu hii si ngeni kwetu kama baadhi ya watu wanavyodhani. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki dunia mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, na ndani yake akaiweka hasira, huzuni na hofu katika orodha ya maradhi ya nafsi yanayohitaji tiba kama maradhi ya mwili yanavyohitaji. Alibainisha pia kuwa nafsi ikiugua huuathiri mwili, na mwili ukiugua huiathiri nafsi. Kwa hiyo mtoto anayesema tumbo linamuuma kila inapotajwa safari si lazima awe mwongo. Tumbo linamuuma kweli. Kilichoanzia rohoni kimeshuka tumboni.

Tujiulize basi, mtoto wa Mbagala au wa Bunju anaogopa nini? Tukijibu upesi kuwa hana cha kuogopa, tutakuwa hatuyajui maisha yake. Usafiri wa jiji letu ni mtihani hata kwa watu wazima. Mwanafunzi hulipa nauli pungufu, na kwa sababu hiyo baadhi ya makonda humzuia mlangoni ili nafasi ichukuliwe na mwenye nauli kamili. Mtoto anayesukumwa na kutolewa maneno makali siku tano za juma, Jumapili huambiwa apande gari lilelile na afurahi, kwa kuwa leo ni matembezi. Yeye ni mfupi. Katika gari lililojaa haoni dirisha wala uso wa mama yake, bali anaona viuno na mikoba ya watu asiowajua, na anasikia kelele za kituo hiki na kile bila kujua ni wapi atashuka. Mzazi anaiona safari ya saa moja na nusu, lakini mtoto anaona kiza kisichojulikana mwisho wake.

Yapo pia matukio makubwa yaliyopita katika nchi yetu, ambayo yanatufundisha kuwa hofu ya mtoto inaweza kuwa na mizizi mirefu. Wakazi wa Mbagala hawajaisahau tarehe 29 Aprili 2009, mabomu yalipolipuka katika ghala la silaha la kambi ya jeshi iliyoko katika eneo hilo. Ilikuwa Jumatano, siku ya kazi, wazazi wengi wakiwa mbali na watoto wao. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, maelfu walizikimbia nyumba zao, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika mkimbio ule. Kabla ya kutimia miaka miwili, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maafa ya namna hiyohiyo yakawafika ndugu zetu wa Gongo la Mboto, katika Wilaya ya Ilala. Mtoto aliyepita katika tukio kama lile, kisha kwa miezi mingi akawa anapiga kelele kila mama yake anapochukua mkoba wa kutoka, hakuwa mkorofi. Alikuwa ameona kwa macho yake kuwa watu wanaweza kuagana asubuhi na jioni wasionane. Watoto wa siku zile leo ni watu wazima, na bila shaka wamo miongoni mwao wanaolea watoto wao wenyewe. Hao ndio wanaopaswa kutuelewa kuliko wengine wote.

Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, familia zilizokuwa zikiishi mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, Kinondoni. Mtoto aliyeyaona maji yakiingia ndani hadi kufunika kitanda, akawa analiangalia wingu kabla ya kukubali kuvaa viatu, alikuwa na hoja, ingawa hakuweza kuieleza. Vivyo hivyo, tusiifanyie dhihaka hofu ya mtoto anayechukia misongamano. Siku ya Idi el-Fitri, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walifariki dunia mjini Tabora baada ya kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Walitoka majumbani mwao kwenda kusherehekea. Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu ya kutoka, bali tunasema kuwa mtoto anayekataa kuingia mahali palipojaa watu anatumia silika aliyopewa na Muumba wake, na ni wajibu wetu kumsikiliza kwanza kabla ya kumkemea.

Pamoja na hayo, mara nyingi sababu huwa ndogo machoni petu, ingawa kwa mtoto ni kubwa kama mlima. Yupo anayeogopa kulala kwa shangazi kwa sababu bado anakojoa kitandani na binamu zake walimcheka safari iliyopita. Yupo mwenye kigugumizi anayejua kuwa wajomba watamtaka asome sura mbele ya wageni. Yupo asiyejua choo kiko wapi huko waendako na anaona haya kuuliza. Yupo ambaye mama yake ni mgonjwa, naye anadhani kuwa akiondoka nyumbani hatamkuta tena hai. Wapo pia watoto wenye usonji, ambao kelele za honi na muziki wa harusi huwaumiza masikio kweli kweli. Wote hawa wanaweza kuonyesha sura moja tu kwa nje, nayo ni ya ukali na kununa.

Hapana shaka mzazi atauliza, nitamtofautishaje mwenye hofu na mwenye deko? Swali hilo ni la haki, na dalili ya mvua ni mawingu. Kwanza, tuangalie mpangilio wa mambo. Mwenye deko hutaka kitu, na akishapewa hutulia. Mwenye hofu hata akipewa pipi au akiahidiwa soda hatulii, na hutulia pale tu anaposikia kuwa safari imeahirishwa. Pili, tuangalie mwili wake. Usingizi wa mang'amung'amu usiku wa kuamkia safari, maumivu ya tumbo au kichwa, kichefuchefu, kwenda haja mara kwa mara, viganja vyenye jasho na kushindwa kula ni alama za wasiwasi. Tatu, tuyasikilize maswali yake. Mtoto mwenye hofu hurudia kuuliza, "Tutarudi saa ngapi?", "Nani atakuwepo?", "Na tukikosa gari?" Mzazi huona kuwa anasumbuliwa, kumbe mtoto anajaribu kutafuta kamba ya kujishikia. Nne, tuangalie ni safari ipi. Kama kisirani huja kwa kila safari, huenda tatizo ni njia au umati wa watu. Kama huja kwa safari ya nyumba moja tu, au kwa madrasa moja tu, au siku ya mtu fulani tu, basi hapo pana jambo, na tutalirejea hivi punde.

Tukiisha kuzijua dalili hizo, tutaona ni kwa nini fimbo haisaidii. Fimbo inaweza kumfanya mtoto anyamaze na avae viatu vyake, na mzazi akadhani kuwa ameshinda. Lakini moyo wa mtoto hauachi kwenda mbio kwa sababu amechapwa. Anachojifunza ni kuificha hofu yake. Ibn Khaldun, mwanazuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alilizungumza hili katika Muqaddima yake. Alionya kuwa ukali katika kuwafunza watoto huwaondolea uchangamfu, huwatia uvivu, na huwazoesha uongo na hila, kwa kuwa mtoto huanza kuonyesha kwa nje kisichokuwemo moyoni mwake ili tu ausalimishe mwili wake na mkono wa mkubwa. Ni zaidi ya miaka 600 tangu maneno hayo yaandikwe, na bado tunaweza kuyaona majumbani mwetu. Mtoto aliyechapwa kwa kuogopa hatasema tena kuwa anaogopa. Na siku atakapofikwa na jambo la kuogopwa kweli, hatasema pia.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaeleza kuwa hakuna adhabu ya kumrekebisha mtoto inayohalalishwa iwapo imepita kiasi kwa kuzingatia umri wake na hali yake ya mwili na akili. Mtoto aliyezidiwa na hofu yuko katika hali ambayo akili yake haiko tayari kupokea somo lolote.

Wapo watakaotujibu kuwa samaki mkunje angali mbichi, na kuwa wao walichapwa na wamekuwa watu. Tunaiheshimu hoja hiyo, na wala hatuwaiti wazazi kwenye malezi ya kumwachia mtoto aitawale nyumba. Mtoto akiachwa abaki nyumbani kila anaponuna, hofu yake hukua, kwa sababu hapati nafasi ya kuona kuwa alichokiogopa hakikutokea. Leo ataikataa harusi, kesho ataikataa shule. Tunachosema ni kuwa katikati ya kumburuza na kumwachia iko njia ya tatu, nayo ni kumshika mkono na kwenda naye.

Njia hii ina ushahidi uliopatikana hapahapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1954 na 1955, mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth alikaa katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, akizitembelea familia 26 za Waganda na kuangalia namna watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Kitabu chake kuhusu uchunguzi huo kilitoka mwaka 1967. Alichokiona ni kuwa mtoto mwenye uhakika na mama yake humfanya mama huyo kuwa kituo. Hutambaa mbali, huchungulia, hugusa vitu vipya, hugeuka kumwangalia kama yupo, kisha husogea mbali zaidi. Mtoto asiye na uhakika huo hung'ang'ania na kulia hata akiwa mapajani. Tuzingatie jambo hili vizuri. Uhakika wa kuwa na pa kurudi haukumfanya mtoto awe mwoga, bali ulimpa ujasiri wa kwenda mbali. Hivyo wanaodhani kuwa kumtuliza mtoto ni kumlegeza wanapaswa kulifikiria upya suala hilo.

Nasi Waislamu tunayo ruwaza iliyotangulia yote hayo. Imepokewa kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akiisogelea familia ya Anas bin Malik (R.A.), ambako kulikuwa na mdogo wake Anas aliyeitwa Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kijindege chake cha kuchezea. Siku moja Mtume alimwona mtoto yule hana uchangamfu aliouzoea. Hakumwambia akae vizuri mbele ya mgeni, wala hakumkemea kwa kununa. Aliuliza kwanza mtoto ana nini, akaambiwa kuwa kijindege kimekufa, naye akamsemesha mtoto kuhusu kijindege chake. Kiongozi wa umma, mwenye mizigo ya vita, mikataba na wahyi, aliona kuwa msiba wa ndege mdogo unastahiki swali. Imepokewa pia kuwa aliposikia mtoto akilia akiwa anaswalisha, aliifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Ni sisi wa leo tunaoshindwa kuchelewa dakika kumi kituoni.

Ni yapi basi ya kufanya? Kwanza kabisa, mtoto aelezwe safari mapema na aelezwe ukweli. Usiku wa kuamkia siku hiyo aambiwe waendako, watakaokuwepo, gari watakalopanda na wakati wa kurudi. Saa za ukutani hazimsaidii mtoto mdogo, lakini akiambiwa kuwa watafika kabla ya Adhuhuri na watarudi kabla ya Magharibi, atajua, kwa kuwa adhana anaisikia kila siku. Tuache kabisa mtindo wa kumtoroka mtoto akiwa anacheza, na ule wa kumwambia "twende tu dukani" kumbe anapelekwa kuchomwa sindano. Mtoto aliyetorokwa mara moja atalinda mlango mwaka mzima.

Pili, tuache kuitumia hofu kama mlinzi wa nyumba. Tunamwambia mtoto kuwa akilia polisi atamchukua, akibishana tutamwacha kituoni, akitoka nje zimwi litamla. Kisha tunapomtaka atoke tunashangaa kwa nini anang'ang'ania mlango. Mbegu tuliipanda wenyewe, na tunavuna tulichokipanda.

Tatu, mtoto aulizwe faraghani, si mbele ya ndugu zake, na aulizwe wakati mwili wake umepoa. Mama anaweza kukaa naye jioni wakati wa kuchambua mchele na kumwambia, "Mwanangu, naona kila tukitaka kwenda kwa shangazi Yombo tumbo linakuuma. Sikugombezi. Kuna kitu kule kinakupa hofu?" Kisha mama anyamaze. Mtoto hawezi kujibu papo hapo, na pengine atasema, "Hapana, mama, hakuna kitu." Baada ya muda huenda akaongeza, "Mama, kwani lazima tulale kulekule?" Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Asikatizwe, asichekwe, wala asiambiwe kuwa mtoto wa kiume haogopi. Apewe jina la kile kinachomsumbua, aambiwe kuwa hiyo inaitwa hofu, kuwa hata baba huwa nayo, na kuwa ina dawa.

Nne, safari igawanywe vipande. Mtoto anayeogopa daladala asianzishwe na safari ya kutoka Chamazi hadi Kariakoo saa kumi na mbili asubuhi. Apandishwe gari mchana lisilojaa, vituo viwili tu, kisha washuke na kurudi kwa miguu. Juma lijalo vituo vinne. Apewe kazi ya kumfanya awe mwenzetu wa safari kuliko kuwa mzigo, kama vile kushika chupa ya maji, kuhesabu vituo au kumkabidhi konda nauli. Afundishwe kuhifadhi kichwani namba ya simu ya mzazi, na wakubaliane kuwa wakipotezana asimame palepale na asimfuate mtu yeyote. Afundishwe kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, kwani pumzi ndefu hutuliza mapigo ya moyo. Na afundishwe dua ya kutoka nyumbani kwa upole na kwa maana yake, ili ajue kuwa yuko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na si kwa sauti ya vitisho.

Tano, adabu ibaki kuwa adabu. Hofu inaeleza kwa nini mtoto alimsukuma mdogo wake, lakini haihalalishi kumsukuma. Akishatulia aambiwe kosa lake na amtake radhi mdogo wake. Mtoto anaweza kusikilizwa na kurekebishwa siku hiyo hiyo, bila moja kulivunja lingine.

Sasa tunarejea kwenye lile tuliloahidi, ambalo ndilo zito kuliko yote. Iko hofu ambayo haipaswi kuzoeshwa kabisa. Ni pale mtoto anapochukia nyumba moja, au mtu mmoja, na hawezi kusema kwa nini. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 24 waliohojiwa nchini, takriban wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walisema kuwa waliwahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Hizo si takwimu za nchi ya mbali. Ni za watoto wa mitaa yetu, na kikulacho ki nguoni mwako. Mzazi anayemchapa mtoto ili aende kwa mtu anayemdhuru anakuwa msaidizi wa dhalimu bila kujua. Kwa sababu hiyo, mtoto akionyesha hofu ya mtu mahsusi, safari ya huko isimame kwanza, awe huyo ni mjomba, jirani, mwalimu au ustadhi. Mtoto aulizwe kwa utulivu, na akisema jambo aaminiwe na alindwe, wala lisifukiwe kwa kuogopa aibu ya ukoo. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, ofisi za ustawi wa jamii zipo katika halmashauri, na iko namba ya simu ya huduma kwa mtoto, nayo ni 116, inayopigwa bila malipo.

Aidha, ikiwa wasiwasi wa mtoto unaendelea kwa wiki nne au zaidi, unamzuia kwenda shule, unamkosesha usingizi au chakula, basi apelekwe hospitali. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na mzazi anaweza kuanzia Mwananyamala au Temeke ili aelekezwe. Kumpeleka mtoto kwa daktari wa akili si kusema kuwa ana kichaa, kama vile kumpeleka kwa daktari wa meno kusivyokuwa kusema kuwa ni kibogoyo. Na anayetaka kumsomea mtoto wake kisomo amsomee, lakini asikifanye kisomo kuwa sababu ya kutomuuliza mtoto wala ya kutompeleka kwa mtabibu.

Tunatoa rai pia kwa walimu wa madrasa na maimamu wetu. Mtoto anayelia kila alasiri akikaribia mlango wa madrasa asihesabiwe haraka kuwa ni mtoro au kuwa shetani anamzuia na kheri. Huenda anaogopa bakora, au kusahau aya mbele ya wenzake, au mtoto mkubwa anayemnyang'anya hela yake njiani. Ustadhi akimwita pembeni na kumuuliza, atakuwa amemfunza mtoto huyo sehemu ya dini ambayo haimo katika juzuu. Nao akina baba wasilichukulie suala hili kuwa ni la akina mama peke yao. Baba anayerudi usiku na kuondoka alfajiri ana Ijumaa moja na Jumapili moja katika juma, na nusu saa ya kukaa na mwanawe barazani haimtoi katika kutafuta riziki.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea mtoto kwa kumnyamazisha, atakua amenyamaza, hata siku tutakapomtaka aseme. Tukimlea kwa kumsikiliza, siku atakayofikwa na baya atatujia sisi kabla ya mtu mwingine yeyote, na hapo tutakuwa tumempa ulinzi ambao kuta na milango haiwezi kumpa. Keshokutwa, familia itakapokuwa inajiandaa kutoka na mmoja akawa amekaa kizingitini amenuna, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, tunawaomba wazazi wachelewe kidogo. Gari litakalofuata litakuja. Wachutame, wawe sawa na kimo chake, na wamuulize anaogopa nini.